Roki ya Majaribio na Shutuma ya Kelele Tupu

Julai 1975, Lou Reed, mwanamuziki wa roki wa Marekani, alitoa albamu ya santuri mbili kupitia kampuni ya RCA, akaiita Metal Machine Music. Ndani yake hamna ngoma, hamna mwimbaji, hamna kiitikio. Kuna magitaa yaliyoegemezwa kwenye amplifaya yakaachwa yajipigie: sauti ya spika inatikisa nyuzi, nyuzi zinairudisha sauti kwenye spika, na mzunguko unaendelea bila mkono wa mtu kugusa. Ni mluzi uleule unaotoboa masikio mkutanoni pale msemaji anaposogeza maikrofoni karibu na spika, ila huu unakwenda kwa zaidi ya saa nzima. Upande wa nne ulichongwa kwa namna ambayo sindano ikifika mwisho inanasa na kuzunguka papo hapo mpaka mtu ainuke kuitoa. Wanunuzi wengi waliirudisha dukani, na haikuchukua muda RCA ikaiondoa sokoni.

Wapenzi wa roki wakianza kubishana kama roki ya majaribio, ile inayoacha nyimbo za kawaida ikatafuta sauti mpya, ni muziki au ni kelele tu, albamu hiyo haikosi kutajwa. Upande mmoja unasema hizo ni kelele, na anayedai kuzipenda anajionyesha kwa watu. Upande wa pili unasema asiyezipenda hana masikio. Kwa maoni yangu wanamuziki wenyewe wameeleweka vibaya sana katika ubishi huu, na sehemu ya lawama ni ya watetezi wao, ambao wamezoea kutoa hoja dhaifu kuliko zote walizonazo.

Wapinzani wana hoja, tena si ndogo. Ya kwanza ni ya kipimo. Mpiga solo wa rumba akiteleza noti moja, ukumbi mzima unajua, hata wasiojua kushika gitaa. Kwenye muziki ambao kila mkwaruzo unakaribishwa, kosa lina sura gani? Na kama kosa halipo, fundi na mbabaishaji tunawatenganishaje? Ya pili ni ya uaminifu. Mwaka 1974 Reed alikuwa na albamu iliyoingia kwenye kumi bora za Marekani, yenye nyimbo za kuimbika. Kijana aliyeipenda hiyo, akakusanya pesa zake mwaka uliofuata kununua mpya, alifika nyumbani akakuta mluzi. Wengi waliamini Reed alikuwa anaikomoa kampuni yake tu. Sina neno la kumlaumu kijana huyo kwa kuirudisha.

Sasa tazama watetezi wanavyojibu. Karibu kila mara wanamleta Brian Eno, mwanamuziki na mtayarishaji wa Uingereza, ambaye mwaka 1982, akizungumza na gazeti la Los Angeles Times, alisema aliambiwa na Reed kwamba albamu ya kwanza ya kundi la Reed, Velvet Underground, iliuza nakala 30,000 katika miaka mitano ya mwanzo, kisha akaongeza kwamba anadhani kila aliyenunua mojawapo alianzisha bendi. Maneno hayo yamezunguka dunia. Yananukuliwa kama ushahidi wa mahakamani: mliita kelele, na kumbe ndiko roki ya miaka iliyofuata ilikozaliwa.

Tuitazame vizuri hiyo 30,000. Albamu ilitoka Machi 1967. Hesabu za mirabaha za kampuni ya MGM zinaonyesha kwamba kufikia Februari 1969 ilikuwa imeuza zaidi ya nakala 58,000. Maana yake kabla hata ya miaka miwili kutimia ilikuwa imekaribia mara mbili ya kile ambacho Eno aliambiwa ni mauzo ya miaka mitano. Kwa kundi lisilopigwa redioni, mauzo hayo si haba. Na ile sehemu ya kila mnunuzi kuanzisha bendi haikuwa hesabu; ilikuwa namna ya kusema kwamba waliosikia waliguswa sana. Imegeuzwa takwimu na watu waliotaka takwimu.

Hata namba ingekuwa sahihi, ingethibitisha nini? Ingethibitisha kwamba albamu ilizaa wafuasi. Kuzaa wafuasi na kuwa nzuri ni mambo mawili. Isitoshe, mwaka uleule zilitoka santuri chungu nzima zilizouza kidogo na hazikuzaa kitu. Hizo hakuna anayezikumbuka, kwa hiyo hazimo kwenye hesabu yetu. Ubaya zaidi ni kwamba kauli ya Eno imewafundisha vijana wengi kuona kutouza kama cheti cha ubora. Halafu albamu yenyewe inafunguka na wimbo mpole unaoweza kumlaza mtoto mchanga. Mtu anaweza kuipenda maisha yake yote bila kuvumilia kelele nyingi. Anayetaka kubishana juu ya kelele aende kwenye albamu ya pili, ya Januari 1968, kwenye ule wimbo wa dakika kumi na saba, Sister Ray, ambao hauna gitaa la besi kabisa, uliorekodiwa kwa mkupuo mmoja, kinanda cha John Cale, mwenzake Reed kundini, kikipitishwa kwenye amplifaya ya gitaa na kupigania nafasi na gitaa la Reed. Hapo ndipo pa kuulizana kama panapendeza, na namba za mauzo hazisaidii kulijibu swali hilo.

Ushahidi ninaoutegemea mimi ni wa lori lililoibwa.

Sonic Youth lilikuwa kundi la roki la New York lililoanza 1981. Thurston Moore na Lee Ranaldo, wapiga magitaa wake, walianza wakiwa hawana pesa. Magitaa waliyoweza kununua yalikuwa ya bei ya chini, na yakifungwa nyuzi kwa tyuni ya kawaida yalitoa sauti mbovu. Basi wakaacha kuyalazimisha. Walijaribu kukaza huku na kulegeza kule mpaka kila gitaa likatoa kitu ambacho lenyewe linaweza. Mengine yalikuwa na nyuzi mbili au tatu zilizokazwa kwenye noti moja, ili zikipigwa pamoja zikwaruzane kidogo na kutoa wimbi linalotetemeka. Mengine waliyachomeka kijiti cha ngoma au bisibisi chini ya nyuzi, yakalia kama kengele. Gitaa lililopatikana hivyo lilitungiwa nyimbo zake, na nyimbo hizo hazikupigika kwenye gitaa jingine. Ndiyo maana kundi la watu wanne lilisafiri na magitaa kwa makumi, jambo ambalo wasiojua waliliona kuwa ni majivuno.

Julai 1999, wakiwa ziarani California, lori lililobeba vyombo vyao liliibwa. Bendi nyingine ya roki ikiibiwa inaingia dukani, inanunua magitaa, inapanda jukwaani wiki inayofuata. Hawa walikuta baadhi ya nyimbo zao zimeondoka na mwizi. Walijua zilivyopigwa, vidole vinakumbuka, lakini gitaa jipya lililotoka kiwandani halikuwa na sauti ile. Iliwabidi waanze kutunga upya kwa vyombo vingine, na mwaka 2000 wakatoa albamu ambayo kila mshabiki wao anasikia kwamba ni kundi lililolazimika kubadili mkono.

Ninawaomba wanaosema ni kelele tu walifikirie hilo kwa utulivu. Kama lengo lingekuwa kupiga makelele, gitaa lolote lingetosha. Kelele ya hovyo haiibiki. Iliyoibwa California ilikuwa kazi ya karibu miaka ishirini ya kusikiliza chombo kimoja kimoja na kuchagua sauti hii badala ya ile. Hapo pia ndipo kilipo kile kipimo ambacho wapinzani wanakidai. Kosa lipo: ni gitaa lisilo lake kwenye wimbo usio wake, na wanaoufahamu muziki huu wanalisikia mara moja, kama vile wale wa ukumbi wa rumba.

Metal Machine Music nayo ina kisa chake kinachopaswa kusimuliwa. Mwaka 2002 kundi la Zeitkratzer liliipiga jukwaani Berlin, kwa kutumia fidla, cello na ala nyingine za kawaida. Mpiga saksafoni Ulrich Krieger alikuwa amekaa akaisikiliza ile saa ya mluzi na kuandika kwa noti kilichomo ndani yake: sauti ndefu zinazopanda taratibu, vipande vya nyimbo vinavyozaliwa pale miluzi miwili inapogongana, mapigo yanayotokea na kupotea. Reed mwenyewe alijiunga nao na gitaa lake. Watetezi wanasema hapo mjadala umeisha. Mimi sisemi hivyo, kwa sababu hata mvua ya bati ikisikilizwa na mtu mwenye subira inaweza kuandikwa noti. Kinachothibitishwa na kazi ya Krieger ni kwamba ndani ya albamu ile mna mambo mengi kuliko sikio la dakika mbili linavyoweza kuyapata. Kuhusu tuhuma ya kwamba Reed alikuwa anacheza na akili za watu, naona jibu zuri zaidi ni la 2008, alipounda kundi la watu watatu, Krieger akiwemo, akalipa jina la albamu hiyo. Mtu hurudi baada ya miaka thelathini na tatu kwenye kitu alichokijali.

Kuna jambo ambalo wapenzi wa roki wanapenda kulisahau. Sauti ya gitaa inayokwaruza, ambayo leo hakuna anayeiita kelele, ilianza kama uharibifu. Dave Davies, mpiga gitaa wa kundi la Kiingereza The Kinks, aliichana kwa wembe karatasi ya spika yake ili gitaa lisikike hivyo kwenye wimbo wa 1964. Mpiga gitaa Jimi Hendrix alipoupiga wimbo wa taifa wa Marekani kwenye tamasha la Woodstock, Agosti 1969, alitumia mluzi uleule aliokuja kuutumia Reed. Wanaomcheka Reed wengi wao wanampenda Hendrix, na wana haki, kwa kuwa Hendrix anakurudisha kwenye wimbo unaoujua kila anapokupeleka mbali. Lakini basi tukubaliane kwamba tofauti ni ya kiasi. Mluzi wenyewe si dhambi.

Kwetu wasomaji wa huku, wazo kwamba sauti safi ndiyo pekee ya muziki si la urithi wetu hata hivyo. Chukua ilimba ya Wagogo, chombo ambacho marehemu Hukwe Zawose alikifikisha kwenye majukwaa ya dunia. Kwenye kisanduku chake mna tundu linalozibwa kwa utando unaotolewa kwenye nyumba ya buibui, ili kila ulimi wa chuma ukipigwa sauti itoke na mvumo wa kama nyuki. Utando ukitoboka, mpigaji anatafuta mwingine. Mvumo ule unatakiwa, unatengenezwa, na ukikosekana chombo hakijakamilika. Ninawashangaa wenzangu wanaoipenda ilimba kisha wanasema roki yenye mkwaruzo ni uchafu wa sauti. Wengine ni walewale waliosema singeli ni kelele za vijana wa Manzese.

Sisemi kila kinachoitwa majaribio ni kizuri. Kuna bendi nyingi ambazo zimechukua sauti kubwa zikaacha usikivu. Watu wanne wanapiga kila mmoja lake, hakuna anayemsikia mwenzake, na baada ya nusu saa wanashuka wakiamini wametoa sanaa. Hizo ni kelele, na anayesema hivyo amesema kweli.

Pingamizi moja ninaliona zito kuliko yote. Mwaka 1982, kule Chicago, mtunzi wa Marekani John Cage alisikia kazi ya Glenn Branca, mtunzi wa New York aliyejaza jukwaa kwa magitaa ya umeme yaliyopigwa kwa nguvu zote, ambaye Moore na Ranaldo walipitia mikononi mwake. Cage hakuwa mtu wa kuogopa kelele. Alikuwa ametumia maisha yake kufundisha kwamba sauti yoyote inaweza kusikilizwa kama muziki. Lakini hapo alifadhaika. Kilichomsumbua ni nguvu, ile hali ya mtu mmoja kuwabana wasikilizaji wote wasiweze kutoka, akafika hadi kuifananisha na ufashisti. Aliyesema haya hawezi kuambiwa hana masikio.

Nami kwa hilo nipo upande wa Cage. Kundi la roki la My Bloody Valentine liliporudi jukwaani 2008 liligawa viziba masikio kwenye maonyesho yake, kwa sababu kuna kipande cha mngurumo mtupu ambacho kiliweza kufika dakika ishirini. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini inashauri sikio lisikae kwenye desibeli 100 zaidi ya dakika kumi na tano kwa siku. Ukiharibika usikivu hauponi. Bendi zinazosema kwamba bila sauti ya kuumiza muziki wao hausikiki zinajidhulumu zenyewe, maana nyuzi zile za Sonic Youth zinazotetemeka kwenye noti moja zinasikika vizuri kabisa sebuleni, redio ikiwa chini kiasi kwamba watu wanaweza kuzungumza.