Kisu cha Kukunja Kipimwe Kiungoni, Si Kwenye Makali

Mtu akinunua kisu cha kukunja pale sokoni Darajani, Unguja, mara nyingi hukijaribu kwa kunyoa nywele za mkononi. Zikinyoleka, pesa inatoka. Mie mtihani huo siukubali hata kidogo, na naandika haya kwa ajili ya wavuvi wetu, wamenya machungwa, na kila anayetia kisu mfukoni asubuhi anapotoka nyumbani. Makali ni kitu cha kuongezwa. Kinoo kizuri na subira hutia makali hata kwenye chuma hafifu, japo hayatadumu. Kiungo kibovu, yaani pale bapa linapojikunjia kwenye mpini, ndicho kisichokuwa na dawa ya nyumbani.

Kisu cha jikoni hakina mambo mengi: bapa na mpini, basi. Cha kukunja ni mashine ndogo. Kina bapa linalozunguka kwenye ribiti, yaani pini ya chuma iliyogongwa vichwa, au skrubu, kina springi au loki ya kulizuia, kina mbavu mbili za mpini zinazolipokea likilala. Vyote hivyo vinatakiwa vikutane ndani ya nafasi ya kidole, na fundi aliyefanya kazi kwa haraka hawezi kukuficha. Mkono wako utamjua kabla ya jicho.

Anza kisu kikiwa kimefungwa. Kitazame kwa juu, upande bapa linapoingia. Linatakiwa lilale katikati, lisiegemee ubavu mmoja. Likiegemea, litakuwa linasugua kila unapokifungua. Tazama pia kama makali yanagonga springi ya ndani yakilala; ukiona kijipengo kidogo mahali pamoja kwenye makali, ndilo kosa hilo, na kinoo chako kitalifuta leo kesho lirudi.

Kisha kifungue mpaka mwisho. Shika mpini kwa mkono mmoja, bana mgongo wa bapa karibu na ncha kwa vidole viwili vya mkono wa pili, usukume taratibu kulia na kushoto, halafu juu na chini. Hapa usiwe na haraka. Bapa likicheza kidogo kwa ubavu, tazama kwanza limeshikwa na nini. Ikiwa ni skrubu, kuikaza kidogo kwa bisibisi huenda kukatosha. Ikiwa ni ribiti, fundi mwenye mkono mwepesi anaweza kuigonga ikakaza, ila akizidisha pigo kisu hakitafunguka tena kwa ukucha. Kucheza juu na chini ni habari nyingine kabisa. Maana yake shina la bapa, ile sehemu yake ya nyuma iliyo kiungoni, na kile kinacholizuia havikutani sawasawa, na kila siku ya kazi vitazidi kulana. Kisu cha namna hiyo sikichukui hata nikipewa bure.

Vile vya zamani visivyo na loki, vinavyoshikwa na springi ya mgongoni tu, vina ushahidi mwingine: sauti. Bapa likikaribia mwisho linatakiwa livutwe lenyewe na likae kwa mlio mmoja mkavu. Likifika kivivu, springi haina nguvu. Halafu pitisha ukucha mgongoni mwa mpini, mahali springi inapokutana na mbavu, kisu kikiwa wazi na kikiwa kimefungwa. Kazi nzuri ukucha hupita bila kukwama mara zote mbili. Visu vyekundu vya Victorinox, kampuni ya Uswisi iliyoanzishwa na Karl Elsener mwaka 1884, vimejipatia jina kwa sababu ya mambo madogo kama haya, na ndiyo maana viigizo vyake vinavyojaa mezani huumbuka papo hapo ukivipitishia ukucha. Rangi wameiweza. Springi hawakuiweza.

Sasa kielekeze juani na uchungulie kati ya springi na mbavu. Mwanga ukipenya, ujue maji ya bahari nayo yatapenya. Kwetu visiwani hili ni kubwa kuliko yote, na linanisikitisha kuona watu wanadanganyika na maandishi ya "haishiki kutu" yaliyochapwa kwenye bapa. Chuma cha aina hiyo kinalindwa na utando mwembamba mno wa kromiamu iliyoungana na oksijeni. Ili utando huo ujijenge, kromiamu inatakiwa iwe angalau kama asilimia 10.5 ya chuma chote. Chumvi huutoboa. Mahali palipo wazi hewa huurudisha, lakini ndani ya mwanya maji husimama, oksijeni huisha, utando haurudi. Kwa hiyo kisu kinaweza kung'aa bapani kama kioo huku ribiti yake inaliwa ndani. Mvuvi anashangaa siku moja bapa limekaza, anadhani ni mchanga. Zipo pia aina za chuma zinazotumia naitrojeni mahali pa sehemu kubwa ya kaboni, kama ile ya H1 iliyotumika kwenye visu vya Spyderco vya jamii ya Salt, na hizo zinastahimili bahari sana. Bei yake lakini si ya wengi wetu, kwa hiyo wengi tutabaki kutegemea kazi nzuri ya kiungo.

Lakini kubana kupita kiasi nako si ubora, na hapa nawapinga hata wanaojua visu. Chukua Opinel, kisu cha Savoie huko Ufaransa ambacho Joseph Opinel alikianza mwaka 1890. Mimi nakipenda: bapa, mpini wa mti, ribiti, na tangu mwaka 1955 ile pete ya chuma unayoizungusha ikalizuia bapa lisifunge. Hakuna pa kuficha uovu. Ila mpini wake wa kawaida ni wa mti unaovimba ukilowa. Ukiuchukua masika, au ukautia kwenye ngalawa, mti unalibana bapa mpaka ukucha hauwezi kulivuta. Wafaransa wenyewe hugonga kitako cha mpini mezani ili bapa litoke. Kwa hiyo hapa Unguja na Pemba, mkazo unaosifiwa nchi kavu unaweza kuwa kero baharini. Afadhali mpini wa mti uwe na nafasi kidogo na upakwe mafuta vizuri.

Kuhusu loki nina ukali zaidi, kwani mpwa wangu, mvuvi wa Nungwi, alifungiwa vidole na kisu alipokuwa akikata kamba. Kisu kipya, kinang'aa, kikali kweli. Kilikuwa cha ile loki ya ulimi, bamba jembamba linaloruka ndani ya mpini na kukaa nyuma ya shina la bapa. Tulipokitazama baadaye, ulimi ulikuwa umegusa shina kwa ukingo tu. Ulimi mzuri hukaa nyuma ya shina kwa sehemu ya kutosha, wala hauvuki mpaka ubavu wa pili. Kwa hiyo kabla ya kulipa, toa vidole vyote njiani mwa makali, egemeza mgongo wa bapa kwenye ukingo wa meza, ukandamize polepole huku ukizidisha nguvu. Likiteleza hata mara moja, kirudishe. Ukiwa na kijana anayekwenda baharini, mfundishe hili kabla hujamfundisha kunoa.

Kiganja nacho kina haki yake. Wengi hukishika kisu dukani kwa vidole viwili kama wanashika kalamu. Kishike kwa nguvu ile utakayotumia kupasua pweza, kwa mkono uliolowa ikiwezekana, na usikilize mahali panapochoma: pembe kali ya mpini, kishikizo cha mfukoni, kichwa cha ribiti kilichosimama. Dakika moja ya kubana itakuonyesha malengelenge ya wiki nzima.

Mapambo ya mpini siyaingizi kwenye hesabu. Karne ya 19 pembe za ndovu zilipita kwa wingi bandari ya Zanzibar, na huko nje zikaishia kwenye vinanda na vipini vya visu. Mafundi wa Sheffield, mji wa visu huko Uingereza, walizipenda sana. Uzuri wa mpini haujawahi kushika bapa.

Ukishakinunua, kila ukitoka baharini kioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi kikiwa wazi, ukifungue na kukifunga ndani ya maji ili chumvi itoke kiungoni, kikauke, kisha tone moja la mafuta ya cherehani kwenye ribiti. Kisu cha matunda kitilie mafuta safi ya nazi. Na muuzaji anayekwambia "usikichezee, utakiharibu" unapofanya majaribio haya, mshukuru kwa adabu na uende meza ya pili.