Elfu Nne na Mia Tano

Shemeji yangu akinunua kitu, wewe ulichonacho kinaharibika hapohapo. Simu yako nzima, siku anayonunua ya kwake, yako inageuka takataka. Kwa hiyo alipotokea kwenye uwanja wa peintiboli, ule mchezo wa kuwindana kwa bunduki zinazorusha vidonge vya rangi kwa nguvu ya hewa, akiwa na mtungi wa hewa wa kaboni faiba, mweusi, unang'aa, umevalishwa na kifuniko cha mpira usije ukachubuka, nilijua wangu wa chuma utatukanwa kabla jua halijapanda.

Aliuchukua, akaupimapima mkononi.

"Shemeji, hiki ni kifaa cha kuchezea peintiboli au umeng'oa mguu wa kitanda?"

Wangu ni chuma kweli. Nasisitiza kwa sababu uwanjani mtungi wowote usio wa kaboni huitwa chuma, ilhali mingi ni aluminiamu. Wangu ukiusogezea sumaku inang'ang'ania, na begani umegongwa alama ya 3AA, ambayo Marekani ndiyo ya mitungi ya chuma. Ya aluminiamu hugongwa 3AL. Rangi imechubuka pale pembeni ninapoulaza, na kitako kimepauka. Ujazo wake ni inchi 48 za ujazo, na hewa yake inakomea psi 3,000, psi ikiwa kipimo cha msukumo wa hewa. Wa shemeji ulikuwa wa inchi 68 na psi 4,500.

"Tairi la gari lina psi thelathini na kitu," shemeji alinipigia hesabu, na kuwapigia waliokuwa wakifunga viatu karibu nasi. "Hapa nimebeba msukumo unaozidi huo zaidi ya mara mia, na ni mwepesi kuliko huo wako!"

Lazima niseme ukweli: hakuwa anadanganya. Mtungi kama wangu unarusha vidonge vya rangi kama mia tano, halafu unarudi kupanga foleni kwenye kompresa. Wa kwake unafika elfu hivi. Halafu kuna uzito. Asubuhi huuhisi. Ikifika mchana, umelala kifudifudi nyuma ya pipa, bunduki umeielekeza kichakani, mkono unaanza kukuuliza hivi hasa tunatafuta nini hapa.

Lakini na mimi nina mdomo. Nikamwambia wangu ni pande moja la chuma. Ukianguka, pole ni ya sakafu. Wa kwake kwa ndani ni ganda jembamba la aluminiamu, na nguvu yote iko kwenye nyuzi za kaboni zilizozungushwa juu yake na kugandishwa kwa gundi. Zikikatika kwa mkwaruzo mzito, umebaki na pambo. Na hata usipokwaruzika, mitungi hiyo ina siku ya kufa. Wa chuma unapelekwa kupimwa kila baada ya miaka 5, ukifaulu unaendelea, ukifaulu tena unaendelea tena, mpaka utakuja kuwarithisha wanao. Wa kaboni, kwa sheria za Marekani, kwa kawaida hupewa miaka 15 tangu kuzaliwa, basi. Ufaulu usifaulu.

"Miaka kumi na mitano!" Shemeji alicheka hadi akashika kiuno. "Shemeji, mimi mwenyewe sijui kama nimebakiza kumi na mitano. Tutazikwa pamoja."

Neno hilo liweke pembeni, nitalirudia.

Wale waliocheza mara ya kwanza kabisa, mwaka 1981 kule New Hampshire, waliingia msituni na bastola zilizotengenezwa kutilia alama miti na ng'ombe, zikisukumwa na vichupa vidogo vya kaboni dayoksaidi. Hakuna aliyemkejeli mwenzake kwa sababu ya mtungi. Maendeleo ndiyo yametuletea mashemeji wa aina hii.

Basi, kabla ya mchezo akajitolea kupeleka mitungi yote miwili ikajazwe. "Wewe mwenye chuma kaa upumue," akasema, akaondoka nayo, mmoja huku, mwingine kule. Pale kwenye kompresa kuna kijana na mipira miwili ya kujazia: mmoja wa 3,000, mwingine wa 4,500. Yaliyotokea nilikuja kusimuliwa baadaye na kijana mwenyewe, huku bado anatetemeka. Aliuliza, "Elfu ngapi, mzee?" Shemeji, ambaye swali hilo alikuwa amelingoja tangu alipoamka, akajibu kwa sauti ya kusikika hadi kwenye maegesho: "Elfu nne na mia tano, kijana! Kaboni hiyo!" Tatizo ni kwamba mkono alioutanguliza ulikuwa umeshika chuma changu. Kulikuwa na foleni, kijana hakusoma begani, akachomeka mpira.

Nilirudishiwa mtungi ukiwa na joto. Hilo si ajabu, hewa ikishindiliwa kwa haraka hupata joto, ndiyo maana wajuzi hujaza polepole. Nikaufunga kwenye bunduki.

Sasa mtu atauliza, ina maana bunduki haikuonyesha kitu? Haikuonyesha. Shingoni mwa mtungi kuna regulata inayoishusha hewa hadi psi 850 hivi kabla haijaingia kwenye bunduki. Mtungi uwe na elfu tatu, uwe na elfu nne na nusu, bunduki yenyewe inapewa ileile. Refa akanipima kwa kipima kasi, kidonge kikatoka na futi 280 kwa sekunde, safi kabisa. Akanigonga bega. "Nenda."

Refa huyo ni mtu wa miraba minne na ana hotuba moja, ambayo huitoa kila mchezo hata kama wachezaji ni walewale. Barakoa haivuliwi uwanjani, hata siafu wakiingia. Mkisikia filimbi, simama hapohapo. Na hitimisho lake: "Mimi nimeshaona kila kitu, hakuna kitakachonishtua."

Mchezo wenyewe sina cha kujisifia. Wenzangu walikwisha mapema. Shemeji alikuwa wa kwanza. Alisimama juu ya pipa kuonyesha jinsi bunduki yake ilivyo nyepesi, akapigwa kifuani na watu wawili kwa pamoja. Nikabaki peke yangu nyuma ya rundo la matairi, wapinzani watatu mbele yangu, bendera katikati, na jua la saa saba likinichoma mgongo. Mtungi nao likiuchoma. Nikawasikia wakipangana, mmoja anapita kushoto, mwingine kulia, wa tatu ananibana katikati. Nikaanza kutafuta njia ya kupigwa mahali pasipouma sana.

Ndipo ukalia mlio.

Kwanza mmoja, mkavu, wa kuzibua masikio. Halafu, bila kupumzika, kelele nyembamba ya hewa inayotoroka, ndefu, ya kutoboa fuvu. Ukungu mweupe ukanifunika kuanzia kwenye kwapa. Kiganja kikaganda kwa baridi.

Kwenye regulata kuna kisahani chembamba cha metali, kidogo kuliko kifungo cha shati, ambacho kazi yake pekee duniani ni kupasuka kabla mtungi haujapasuka. Mitungi ya 3,000 huwekewa cha psi 5,000. Cha kwangu kilikuwa kimeshazeeka, kikawekewa hewa isiyo ya saizi yake, kikaongezewa jua, kikaona yatosha. Hewa ikatokea kwenye vitundu vilivyotobolewa pande mbalimbali makusudi, ili mtungi usije ukamvuta mtu akapaa nao. Kazi ilifanyika kama ilivyokusudiwa na waliobuni. Isipokuwa hakuna aliyewaambia watu waliokuwa pale uwanjani.

Refa aliyeshaona kila kitu alikuwa ameshalala kifudifudi, mikono kisogoni. Wapinzani wangu wawili walitimua mbio kuelekea getini, mmoja akaiacha bunduki na kiatu kimoja. Yule wa tatu, ambaye alikuwa karibu nami kuliko wote, alipiga magoti, akanyoosha mikono juu na kusema maneno ambayo kwa heshima ya familia yake sitayaandika. Kule kwenye benchi la waliotolewa, shemeji alikuwa amejitosa chini ya meza akiwa amekumbatia mtungi wake wa kaboni.

Mimi nilikuwa nimesimama. Si ushujaa, ni miguu tu iligoma kupokea amri. Kelele ilipiga muda wa kutosha mtu mzima kutubu dhambi zake zote na kuahidi mambo. Ilipofifia, nikatazama kushoto, hakuna mtu. Kulia, hakuna mtu. Mbele, bendera.

Nikaenda nikaichukua.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Wapinzani waliporudi, mmoja akichechemea kwa soksi, walidai ushindi haufai kwa sababu bunduki yangu haikuwa na hewa. Nikawauliza ni kanuni gani inayosema mshindi awe na hewa. Walidai mchezo ulikuwa umesimamishwa. Refa, akijipangusa vumbi kifuani, akasema ndiyo, alipuliza filimbi. Nikamuuliza aliipuliza akiwa amesimama au amelala. Akaniambia nisiendeleze mada hiyo.

Kijana wa kompresa alipogundua ni mkono wake uliojaza, rangi ilimtoka. Akafunga mipira yote miwili, akatangaza kwamba kuanzia dakika ile hajazi mtungi wa mtu yeyote bila kuusoma mwanzo hadi mwisho. Watu wakalalamika lakini wakapanga foleni. Mmoja mmoja akawa anapokea, anageuza, anasugua kwa kidole gumba, anasoma kwa sauti kama karani wa mahakama. Shemeji alijipenyeza mbele.

"Anza na huu, kijana. Huu hauna maneno."

Kijana akavua kile kifuniko cha mpira. Nadhani hakikuwa kimevuliwa tangu shemeji aununue mtungi, na aliununua kwa mtu, si dukani. Chini yake kulikuwa na lebo iliyofunikwa na gundi, imefifia, na pembeni mkwaruzo mmoja mrefu. Kijana akautemea mate, akausugua kwa ncha ya fulana, akausogeza kwenye mwanga. Akasoma mwezi. Akasoma mwaka. Akanyamaza, akahesabu kwa vidole, akaishiwa vidole.

"Mzee," akasema kwa adabu kabisa, "huu ulishakufa. Tena si jana."

Shemeji aligeuka kunitazama. Sikusema kitu. Nilikuwa nimebana mdomo kwa nguvu zangu zote, na kwa jinsi masikio yalivyokuwa yameziba na bado nasikia kengele, hata ningecheka nisingejisikia.

Wangu niliupeleka kupimwa, maana mtungi uliopitishwa kiwango chake haurudishwi tu kazini kwa kuwa unaonekana mzima. Wanaujaza maji, wanaushindilia hadi psi 5,000, wanapima umetanuka kiasi gani na umerudi kiasi gani. Wanatumia maji kwa sababu karibu hayashindiliki kabisa, kwa hiyo ukipasuka haurushi vipande kama ungekuwa na hewa. Ulirudi vizuri. Ukagongwa tarehe mpya begani, karibu na ile 3AA, nikaweka na kisahani kipya, kazi ikaisha.

Ukiniuliza leo nitakwambia anayecheza kutwa nzima na anayesoma lebo anunue wa kaboni, tena mpya, asihangaike na uliokwisha kutumiwa na mtu. Shemeji hataki hata kulisikia neno kaboni. Juzi nimemkuta kwenye foleni ya kompresa, mtungi wangu kauweka begani, anamhubiria mgeni mmoja aliyekuja na kaboni yake nzuri tu.

"Chuma, ndugu yangu. Chuma hakina siku ya kufa. Hizo nyingine ni mapambo." Kisha akamgeukia kijana: "Jaza elfu tatu. Tatu! Soma kwanza hapo begani."

Nikamgusa mgongo, nikamkumbusha kwamba mchezo unaoanza ni wangu, na mtungi pia ni wangu.

"Subiri, shemeji," akasema bila kugeuka, "huoni ninamwelimisha mtu?"