Daraja la Akbar lina foleni

Kuna pikipiki imenigonga goti juu ya daraja la Jaunpur, India, na mwenyewe hata hakugeuka. Mbele yangu bajaji za umeme zimebanana, kulia baiskeli imebeba mitungi ya gesi, na katikati ya yote ng'ombe kasimama kama yeye ndiye trafiki. Honi hazikomi. Nikawa nasugua goti huku nasikiliza watu wanavyoilaani foleni, kila mmoja kwa matusi yake, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na habari na daraja lenyewe. Ujenzi wake ulianza 1564, enzi za mfalme Akbar wa ukoo wa Wamughal, kwa amri ya gavana wake Munim Khan, ukachukua miaka kama minne. Wakati huo Fort Jesus ya Mombasa ilikuwa haijawekewa jiwe la kwanza. Leo Fort Jesus unakata tiketi kuingia. Hapa unavuka kwenda kununua nyanya.

Tangu siku hiyo jambo hili halinitoki kichwani, na najua nikilisema nitaambiwa najidai. Basi tuelewane mapema. Mimi ni mtu wa Kilwa Kivinje, naishi Varanasi, kama kilomita 60 kutoka hapo Jaunpur, na sikutumwa na mtu kuwauzieni India. Nimenyimwa chumba kwa rangi yangu, mchana kweupe, na mwenye nyumba akanitolea sababu kwamba majirani "hawajazoea". Watoto wananipiga picha sokoni kama twiga. Mitaro ya Jaunpur inanuka kuishinda Kariakoo ya masika. Kwa hiyo yule anayejiandaa kuniandikia "umeshalewa maisha ya ughaibuni" apumzike. Ughaibuni wenyewe ndio huu.

Ila lile daraja linaniuma.

Someni kidogo habari za mji huu, maana mwalimu wa historia hakutufikisha huko. Jaunpur ulianzishwa 1359 kando ya mto Gomti na Firuz Shah Tughlaq, sultani wa Delhi, akaupa jina la binamu yake aliyemtangulia kutawala, Muhammad bin Tughluq, aliyekuwa akiitwa Jauna. Huyo Muhammad ndiye aliyempa Ibn Battuta ukadhi wa Delhi. Na Ibn Battuta ndiye yule yule tuliyekariri shuleni kwamba alifika Kilwa 1331 na kuusifu mji wetu kuwa miongoni mwa miji mizuri. Alitoka kwetu, na haikupita miaka mingi akawa anakula mshahara wa huku. Miji hii ilijuana kwa watu.

Kisha 1394 akapelekwa Jaunpur towashi mmoja aliyekuwa mtumwa, Malik Sarwar, akiwa na cheo cha Bwana wa Mashariki. Miaka minne baadaye Timur, mbabe wa vita kutoka Asia ya Kati, akaivamia Delhi na kuichakaza, na huku mashariki watu wakawa hawana tena wa kumpigia magoti. Malik Sarwar na waliomfuata, ndio hao masultani wa Sharqi, wakatawala hadi 1479. Wapo wanahistoria wanaosema yeye na watoto wake wa kupanga walikuwa na asili ya Afrika, wengine wanakataa. Mimi simo kwenye ubishi huo. Ila mwenye duka akiniuliza huku ananipimia dengu kama Afrika tuna nyumba za mawe, huwa natamani kumwambia aende akawaulize waliowajengea misikiti babu zake.

Na misikiti hiyo si ya mchezo. Atala ulikamilika 1408 chini ya Ibrahim Shah. Hauna mnara. Badala yake ukuta wa mbele umenyanyuliwa kuwa lango kubwa, zaidi ya mita 20 kwenda juu, limelala nyuma kidogo kama mtu aliyeshika kiuno, na ukisimama chini yake kuba lote la nyuma hulioni. Lal Darwaza, ule wa lango jekundu, ulijengwa na mwanamke, Bibi Raji, mke wa Sultan Mahmud. Wanazuoni waliokimbia Delhi walijaa hapa, mji ukaitwa Shiraz ya India, na Sher Shah aliyekuja kuwafukuza Wamughal India kwa muda alisoma hapa akiwa kijana. Sultani wa mwisho, Hussain Shah, alikuwa fundi wa muziki kuliko wa vita. Bahlul Lodi, sultani wa Delhi, akamnyang'anya mji, kisha mwanawe Sikandar Lodi akabomoa majumba ya kifalme na kuiacha misikiti. Sisi wa Kilwa Mreno alitufanyia hayo 1505, kwa hiyo kwa kuumizwa hakuna wa kumcheka mwenzake.

Tofauti imekuja baada ya kuumizwa. Jaunpur wakaendelea kuishi mle mle ndani. Ijumaa watu wanaswali Atala, viatu vimezagaa mlangoni, na nje yupo anayekaanga imarti, jamaa yake jelebi, ya dengu nyeusi, tamu hadi meno yanalia. Vile vibanda vya mawe juu ya nguzo za daraja watu wamewahi kuvifanya maduka. Tetemeko la 1934 lilipoyavunja matao kadhaa, yalijengwa upya, kwa sababu bila daraja mji ungekatika vipande viwili na watu wangekosa pa kupita. Halikutengenezwa kwa heshima ya Akbar. Lilitengenezwa kwa sababu ya nyanya.

Kwetu je? Kitu kikizeeka tunakiwekea kibao. Kwenda Kilwa Kisiwani unaanza na kibali pale Masoko, halafu boti, halafu kitabu cha wageni, na ukishafika Msikiti Mkuu unaambiwa usiguse. Mimi, mtu wa Kilwa, naambiwa nisiguse! Mbuzi wa kisiwani wanagusa. Husuni Kubwa, jumba la sultani lenye birika la pembe nane, tunalionyesha kwa kidole kama mzigo wa mtu mwingine. UNESCO waliiweka Kilwa kwenye orodha ya urithi wa dunia 1981, wakaiweka kwenye orodha ya hatari 2004, wakaitoa 2014, na nyumbani zote tatu tulizisikia redioni.

Nasikia tayari mtu anasema, "Unataka tukaswali kwenye msikiti usio na paa?" Sijasema hivyo. Kilwa Kisiwani imeshakuwa gofu na gofu linahitaji ulinzi, hilo nalijua, na wanaohangaika na kuta zile nawaheshimu. Mwingine atanitajia msikiti wa Kizimkazi, Unguja. Haya, Kizimkazi nakupa kwa mikono miwili. Maandishi ya kibla chake yanataja mwaka 500 wa Hijria, ndiyo 1107, na watu wanaswali humo hadi leo. Lakini angalia, msikiti huo ni mkongwe kuliko Jaunpur nzima, na umesimama kwa sababu ile ile: kila wiki yupo anayefagia, kila paa likivuja yupo anayelowa. Umeniongezea hoja, hukunipunguzia.

Halafu kuna wa tatu, mjanja, atasema wale wa Jaunpur wanaishi ndani ya magofu kwa umaskini, si kwa mapenzi. Huyu ana ukweli wake. Nyaya za umeme zimeling'ang'ania lile daraja, mabango ya wanasiasa yamebandikwa juu ya nakshi, na hakuna mtu wa makumbusho atakayeona vile asishike kichwa. Kuishi na kitu cha zamani kuna gharama nyingine pia. Nguzo za baadhi ya misikiti ile zilitoka kwenye mahekalu ya Wahindu, kila mtu anajua, na sasa Atala una kesi mahakamani, wapo wanaodai pale palikuwa na hekalu lao. Kitu kikiwa hai watu watakigombea. Husuni Kubwa hakuna aliyekwenda kuidai mahakamani.

Ningeweza kuishia hapa na goti langu, lakini kuna jambo la nyumbani, na nimezunguka Jaunpur yote hii ili nilifikie.

Kivinje kuna nyumba yetu, babu aliinunua kwa Mhindi. Kuta za matumbawe na chokaa, boriti za mikoko, mlango wa nakshi. Kwenye kundi la familia la WhatsApp mjomba ametangaza ivunjwe, tujenge fremu sita za biashara. Nilipopinga, majibu yalikuja kama mvua ya mawe. Kwamba mimi nakaa kwa watu nakula biriani, sijui bei ya saruji. Kwamba nyumba ni gofu. Na hili ndilo lililonichoma: kwamba nyumba yenyewe si urithi wetu, ilijengwa na Mhindi, sasa inatuhusu nini.

Inatuhusu nini? Mama yangu alizaliwa mle. Daraja la Jaunpur lilijengwa na Wamughal waliotoka mbali, kwenye mji wa Watughlaq waliotoka mbali, baada ya masultani ambao huenda mababu zao walitoka upande wetu. Mwenye pikipiki iliyonigonga hakuuliza ni la nani. Anapita kila siku, basi ni lake.

Na msinitajie Beit al-Ajaib ya Zanzibar kama mfano wa kwamba majumba ya zamani ni hatari. Sehemu yake ilianguka Desemba 25, 2020, watu wawili wakafa, na sisi wote tuliopita pale mbele tukipiga picha tulikuwa tunaona hali yake. Jumba la 1883 haliui kwa uzee wake. Linaua maji yakishaingia na kila mtu akamsubiri mwenzake.

Mjomba, shikamoo. Najua unasoma, binamu atakuwa ameshakutumia. Najua fremu zina kodi kila mwezi na nyumba ya mawe haina. Fremu mbili zinaweza kukaa chumba cha mbele, palipokuwa duka la yule Mhindi, bila kugusa ukuta hata mmoja. Palikuwa duka, parudi kuwa duka. Ila tuanze na paa, kabla ya vuli. Chokaa ikishanyeshewa misimu miwili mitatu hakuna fundi atakayeirudisha. Na fundi asipake saruji juu ya ule ukuta, unyevu utabaki ndani na plasta itadondoka yote pamoja na mawe. Hesabu bati na boriti, nitumie jumla, mshahara unaingia mwisho wa mwezi. Wale wa "rudi ujenge mwenyewe" nao wachangie misumari.