Kopo la Jimu na Dawa ya Kikohozi

Juzi mdogo wangu karudi nyumbani na kopo jeusi la kirutubisho cha mazoezi, lenye picha ya radi. Kauziwa na mwalimu wake wa jimu, kwa hela ambayo ingelisha nyama nyumba nzima wiki mbili. "Kaka, hii ni mimea tupu." Mimea! Nikaligeuza kusoma viambato. Maandishi ya kusomwa na sisimizi, halafu "mchanganyiko maalumu", vipimo hamna.

Nikamkumbuka Asafa Powell. Yule mkimbiaji wa Jamaika aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 100 kwa sekunde 9.77 pale Athens, 2005. Juni 2013, kwenye mashindano ya taifa ya Jamaika, alipimwa akakutwa na oxilofrine, na mkimbiaji mwenzake Sherone Simpson naye vilevile. Hiyo ni dawa ya presha ya kushuka na kikohozi, kichangamsho cha ukoo mmoja na efedrini, dawa nyingine ya kuchangamsha mwili. Ilikuwamo kwenye vidonge vya kirutubisho ambavyo lebo yake haikuitaja hata kwa bahati mbaya. Na mita 100 zenyewe Powell alimaliza wa saba! Wa saba, ndugu zangu.

Wakafungiwa miezi 18. Mwaka 2014 mahakama ya michezo ikaipunguza ikawa 6, lakini jina likishapakwa matope nani analiosha? Haya, najua, kanuni inasema mwanariadha anawajibika kwa chochote kitakachokutwa mwilini mwake. Sawa, iwe hivyo. Ila aliyejaza vidonge yeye anawajibika kwa nani? Mmoja anakojoa kwenye kichupa mbele ya shahidi, mwenzake anabuni nembo mpya na kuendelea kuuza. Mwaka 2016 watafiti Marekani walipima virutubisho 27 vilivyoandikwa methylsynephrine, yaani oxilofrine kwa jina lake jingine, wakaikuta kwenye 14. Baadhi vilikuwa na kipimo cha dawa kamili. Hata anayesoma lebo anapigwa chenga! Na hao ni Wamarekani, wenye maabara na mawakili. Mdogo wangu ana mimi na miwani yangu.

Mama yetu ana presha ya kupanda. Kitu cha kupandisha presha sikitaki kwenye kabati moja na sukari yake, basi.

Nikamwambia akalirudishe. Mwalimu kamjibu bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Sasa limekaa juu ya kabati langu, kijana kaninunia siku ya tatu, na nasikia keshaulizia bei ya lile dogo.