Walikuwa wawili, shemeji

Haya, nimeziona meseji zenu. Shemeji yangu amewatangazia kwamba nimevuliwa kaptura na pweza kule Msangamkuu, ng'ambo ya Mtwara mjini. Si kweli. Pweza walikuwa wawili, na kama mtu anasimulia aibu yangu basi aisimulie yote.

Lilikuwa bamvua. Maji yalikupwa hadi mwamba wote ukawa nje, kina mama na watoto wametawanyika na nondo zao wanachokoa. Mimi nimevuka na kivuko kwenda kumwamkia mama mkwe, nikajipendekeza: nami niende. Bahati ya mgeni, si nikapata pweza wawili! Nikawafunga kamba, kamba nikaifunga kwenye kaptura, natembea wananing'inia. Mama mkwe alikuwa na mmoja tu. Akamtazama, akatazama bahari.

"Mkwe, mboga imepatikana. Turudi, maji yanajaa."

Mboga! Wakati mimi kichwani nimeshawapima kilo, nimeshamuuzia mnunuzi pale ufukweni, chenji namrudishia. Hapo hapo nikaona tundu, mlangoni magamba ya kaa na maganda ya chaza. Pweza akila hutupa taka nje ya nyumba yake, ndivyo anavyojiuza.

"Huyu mmoja tu, mama."

Nondo haikufika. Nikalala kifudifudi, nikaingiza mkono hadi begani. (Wazee wa pwani msianze. Habari za mkunga, yule samaki wa matunduni, na meno yake nimeshahubiriwa usiku kucha.)

Kitu cha baridi kikanigusa kiganja. Kikapanda kwenye kifundo, kikazunguka, kikabana. Nikavuta, kikavuta. Shavu langu liko juu ya mwamba, jicho moja linaona kaa akinipita bila salamu.

Sasa kiunoni. Mama mkwe alikuwa amenielekeza vizuri: pweza humaliziwa kwa kupinduliwa kichwa, cha ndani kije nje. Wa kwanza nilimpindua. Wa pili nilimpiga makofi, nikaona yanatosha. Hayakutosha. Nikasikia mkono wake mmoja ukibandika kwenye jiwe nyuma yangu. Pwa. Wa pili, pwa. Wa tatu. Ana minane, jamani, na hakuwa na haraka.

Likaja wimbi. Wimbi dogo tu, la kutoa povu. Likanisogeza mimi mbele. Kaptura, ya mtumba, lastiki imeshastaafu, ikabaki na pweza. Ikashuka kiunoni. Ikafika kwenye mapaja, ikasita. Nikajua imenihurumia. Ikaendelea.

"Mamaaa!"

Shemeji anasema nilimlilia mama yangu. Mama yangu yuko Nachingwea. Mama aliyekuwepo pale ni mmoja, na ndiye aliyeitika.

Mwamba mzima ukanyamaza. Kisha bibi mmoja akaanza kukohoa, kikohozi ambacho hakuwa nacho asubuhi. Mama mkwe akaja kinyumenyume, uso kaugeuzia mjini, akanirushia kanga kwa kukadiria.

"Mwachie, mwanangu."

"Ameninasa, mama!"

"Wewe ndiye uliyemshika. Fungua kiganja."

Nikafungua. Mkono ukatoka. Wenzetu pweza wana mioyo mitatu. Mimi wangu mmoja ulikuwa umesimama.

Mengine mafupi. Kaptura ilienda na maji, pweza wote wawili wakaenda nayo, na simu ilikuwa mfukoni. Hii ni ya mke wangu, kwa hiyo anayetuma vicheko anamtumia yeye, na anavijibu. Kivuko nilipanda nimejifunga kanga. Iliandikwa nini? Sijibu.

Jioni mama mkwe akampika yule wake mmoja kwa nazi, wakala nyumba nzima, na fungu langu akalitenga kwenye hotipoti, akampa shemeji aniletee.

Hotipoti imefika. Imeoshwa kabisa.