Wiki mbili za misheni: nani aandike orodha ya kazi?

Kuanzia Juni hadi katikati ya Agosti, shule za Marekani na Ulaya zikiwa zimefungwa, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro hupokea vikundi vya safari fupi za misheni, vinavyotambulika kwa mbali. Ni vijana kumi au kumi na wawili waliovaa fulana za rangi moja zenye mstari wa Biblia mgongoni, kila mmoja na mabegi mawili ya kilo 23: moja la nguo zake, la pili limejaa dawa za minyoo, mipira na kalamu za rangi. Nje wanangojwa na mchungaji, mwinjilisti na dereva wa Coaster ya kukodi. Baada ya siku 12 au 14 watarudi hapo hapo wakilia, na baadhi ya wenyeji wakilia pia.

Kama kilichofanyika katikati ni huduma au ni utalii wenye sala asubuhi na jioni, watu wa kanisa wamebishana kwa miaka mingi. Wanaojibu haraka, wa upande wowote, mara nyingi wameona nusu tu ya hesabu.

Mtindo wenyewe si wa zamani. Mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 hakuwa na tarehe ya kurudi. Mke wake na mtoto wao mchanga walizikwa huko mwaka huo huo, naye akabaki akijifunza lugha, hata akaacha kamusi ya Kiswahili iliyotoka 1882. Safari fupi zilikuja na ndege. George Verwer na wenzake wawili walikwenda Mexico mwaka 1957, na kutokana na safari ile likazaliwa shirika la Operation Mobilisation. Mwaka 1960 Loren Cunningham akaanzisha shirika la Youth With A Mission, ambalo shule yake ya wanafunzi huwa na miezi kama mitatu ya darasani, kisha miwili au mitatu ya uwandani. Makanisa ya mahali pamoja yakachukua wazo, yakaondoa darasa, na miezi ikawa wiki mbili ili itoshe kwenye likizo. Mwanasosholojia Robert Wuthnow wa Princeton alikadiria kwamba Wamarekani milioni 1.6 hivi walikwenda safari za namna hii nje ya nchi yao mwaka 2005 peke yake.

Pingamizi kubwa ni la fedha, na mfano wake unaojulikana zaidi unatoka Honduras. Baada ya kimbunga Mitch cha 1998, vikundi vya makanisa ya Amerika Kaskazini vilikwenda kujenga nyumba za waliopoteza makazi. Kurt Ver Beek, mhadhiri aliyeishi nchini humo, alilinganisha nyumba hizo na zilizojengwa na mashirika ya Kihonduras. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 2006 yalionyesha kwamba kundi moja lilitumia takriban dola 30,000 kusafiri kwenda kujenga nyumba ya dola 2,000, na kwamba familia zilizopewa nyumba hazikutofautiana, awe mjenzi ni mgeni au mwenyeji. Wageni nao walisema safari imewabadilisha na wameongeza utoaji, lakini rekodi za michango yao hazikuonyesha ongezeko kubwa kama walivyosema.

Hesabu hiyo huuma. Lakini wanaoitumia kama rungu husahau jambo moja: zile dola 30,000 hazikuwa zimekaa kwenye sanduku la Wahonduras zikaibwa. Mzazi wa Ohio anayetoa dola 3,000 ili binti yake aende Iringa hatatuma dola 3,000 hizo hizo Iringa ili tofali zinunuliwe na binti abaki nyumbani. Fedha hizo huchangwa kwa ajili ya safari, na bila safari hazipo. Utetezi huu ni wa kweli, nami naukubali. Ila unamaliza swali la nauli tu. Swali la kinachofanyika baada ya kutua bado liko pale pale, na hapo ndipo madhara mengi hutokea.

Chukua ujenzi, kazi inayopendwa kuliko zote kwa sababu huonekana kwenye picha. Fundi wa hapa hupandisha kozi (mistari) tano au sita za tofali kwa siku, kisha huuacha ukuta ushike. Kikundi chenye siku nane za kazi kinataka kuona lenta, ule mkanda wa zege juu ya ukuta, kabla ya kuondoka. Ukuta unapandishwa harakaharaka, udongo wa simenti chini bado mbichi, uzito wa juu unausukuma, na ukuta unatoka kwenye timazi. Zege ya lenta inahitaji kumwagiwa maji walau siku saba na hufikia nguvu yake iliyokusudiwa kwa siku 28, ila siku ya nane wageni wako mbugani na hakuna aliyepangiwa ndoo. Mafundi wengi wanajua kazi ya kubomoa kozi mbili tatu jioni na kuzipanga upya wageni wakiwa wamelala. Zaidi ya hayo, kila kijana anayebeba kokoto amesimama mahali pa saidia fundi wa kijijini ambaye angelipwa kwa siku hiyo.

Dawa yake haina ugumu. Usharika ujenge msingi na kuta kabla, kwa mafundi wa kulipwa. Vijana wakute kazi inayovumilia mikono isiyozoea, kama kupaka rangi, kuchota maji ya kumwagia zege, kupanga mawe ya njia. Na bajeti ya kikundi iwe na ujira wa vibarua wa hapo, walau mmoja kwa kila vijana wawili, ili watu wafanye kazi pamoja na wafahamiane. Hilo la mwisho lina uzito kuliko rangi yenyewe.

Kambi za afya zinahitaji ukali zaidi, maana hapa kosa halibomolewi jioni. Mama wa miaka 60 anapimwa presha chini ya mwembe, inasoma 180 kwa 110, anapewa vidonge 30 na kuombewa. Siku ya 31 ameze nini? Presha ni ugonjwa wa kuishi nao. Bila kumwandikia kwenye kadi yake na kumkabidhi kwa kituo cha afya kitakachoendelea naye, amepewa mwezi mmoja wa matumaini. Dawa za msaada nazo zina masharti: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka zibaki na muda wa matumizi usiopungua mwaka mmoja zinapofika nchini, na Tanzania uingizaji wake unahitaji kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Begi la mabaki ya dawa kutoka makabati ya waumini halifikii masharti hayo. Daktari mgeni anahitaji usajili wa muda wa baraza la madaktari la nchi anayoingia. Na mwanafunzi wa mwaka wa pili asiyeruhusiwa kushona kidonda Minnesota asikishone Kilolo, hata kama foleni ni ndefu na mwili wake wote unatamani kusaidia.

Hata hivyo ziko kazi za tiba zinazofaa safari fupi. Upasuaji wa mtoto wa jicho huchukua chini ya nusu saa, na aliyekuwa haoni hurudi shambani. Timu ya macho ikikaribishwa na hospitali yenye muuguzi wa macho atakayefuatilia wagonjwa wakati ndege imeshaondoka, wiki mbili zinatosha. Tofauti yake na kambi ya presha ni kwamba kazi hii ina mwisho. Hicho ndicho kipimo ningempa mchungaji yeyote: kazi iishe ndani ya siku zilizopo, au iache ujuzi mikononi mwa mtu anayebaki.

Kuhusu vituo vya watoto sioni pande mbili zenye uzito sawa. Mtoto aliyekwisha kuachwa mara moja anakumbatiwa na watu wapya kwa siku kumi, anawazoea, wanaondoka, wanakuja wengine. Watoto wengi wa vituo hivyo wana mzazi hai au ndugu wa karibu, na wageni wenye michango huwa sababu ya kituo kutaka vitanda vijae. Januari 2010, baada ya tetemeko la Haiti, Wamarekani 10 wa kikundi cha kanisa walikamatwa wakijaribu kuvusha watoto 33 kwenda Jamhuri ya Dominika bila hati, na ikabainika kwamba watoto wengi walikuwa na wazazi. Kenya ilisimamisha usajili wa vituo vipya mwaka 2017, na mwelekeo wa sera yake sasa ni kurudisha watoto kwenye familia. Australia, ilipotunga sheria yake ya utumwa wa kisasa mwaka 2018, iliitambua biashara ya kuwaingiza watoto vituoni ili kuvuta michango kuwa ni utumwa wa namna hiyo. Kikundi kinachotaka kuwasaidia watoto kinaweza kumlipia ada anayeishi kwa bibi yake. Picha yake haitavutia sana, lakini mtoto atabaki na bibi.

Wakosoaji nao wana upofu wao. Huzungumza kana kwamba mwenyeji ni ukuta tu wa kupakwa rangi. Mchungaji wa hapa si mjinga. Anajua kwamba vijana wa usharika wangepaka ukuta ule kwa Jumamosi moja, na anaukubali mchezo kwa sababu anajenga uhusiano: binti wa kwaya anakuwa mkalimani na kugundua anaweza kusimama mbele ya watu mia tano, na miaka mitano baadaye yule kijana wa fulana amekuwa mhandisi wa maji anayepokea simu. Wamisionari wengi wa kudumu walianza kwa safari fupi. Hayo hayaingii kwenye hesabu ya Honduras.

Mfano wa uhusiano uliovumilia ni Bega Kwa Bega, kati ya Dayosisi ya Iringa ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) na Sinodi ya Saint Paul huko Minnesota, ulioanza 1987. Sharika za pande zote mbili zimeunganishwa moja kwa moja, wanafunzi wa sekondari wanasomeshwa, na safari zake kimsingi ni za kutembeleana. Mgeni anakula, anaabudu, anasikiliza taarifa, anazika na wafiwa kama kuna msiba. Kijana aliyezoea kupima siku kwa kazi iliyoisha huona amekaa bure, na anahitaji kuandaliwa kwa hilo miezi kadhaa kabla.

Maandalizi yenyewe yaanze mwaka mmoja nyuma, kwa barua kutoka kwa wenyeji. Baraza la wazee wa usharika ndilo liandike kazi inayotakiwa, idadi ya watu (wanane huendeshwa vizuri kuliko kumi na wanne) na gharama za kuwapokea. Gharama hizo hudharauliwa sana. Watu 10 wakinywa lita 3 za maji salama kwa siku kwa siku 12, ni lita 360, karibu madumu 19 ya lita 18.9, kabla hujanunua mchele, mafuta ya jenereta na posho ya wakalimani. Dawa ya kuzuia malaria ifuatwe mpaka mwisho: doksisaiklini humezwa wiki nne baada ya kutoka eneo la malaria, na wengi huiacha wakifika kwao. Viza ya utalii, dola 50 kwa wengi na 100 kwa Wamarekani, hairuhusu kazi, hata ya kujitolea. Kibali kiombwe Uhamiaji mapema, maana mgeni akikamatwa anayebaki kujieleza ni mwenyeji wake.

Mizani hii haitakaa sawa safari zikiendelea kwenda upande mmoja. Kijana wa Kagera akialikwa Marekani hulipa ada ya viza isiyorudishwa hata akikataliwa. Ujerumani imefanya vizuri kidogo: mpango wake wa vijana wa kujitolea, weltwärts, ulianza 2008 kwa kupeleka vijana wake nchi za kusini, na tangu 2013 ukafungua njia ya kuwapokea vijana wa nchi hizo. Ushirika wa misheni wenye makao Wuppertal, ambao Dayosisi ya Karagwe ni mwanachama, nao hupeleka vijana pande zote mbili. Anayetoka hapa kwenda huko kwa kawaida hukaa mwaka mzima, hujifunza Kijerumani na hufuata ratiba ya nyumba ya wazee au chekechea aliyopangiwa na wenyeji wake. Hakuna anayemtarajia afike Jumatatu na kuwajengea kitu kabla ya Ijumaa.