Sheria ya bahari iliyoanzia kwetu

Wengi wetu tunawakumbuka "samaki wa Magufuli". Machi 2009 meli ya Tawariq 1 ilikamatwa ikishukiwa kuvua bila kibali ndani ya ukanda wa kiuchumi wa bahari wa Tanzania, na jodari wake wakagawiwa. Tulizungumza sana kuhusu samaki. Sikumbuki tukiulizana ni nani aliyesema maji yale, mbali kiasi kile na pwani, ni yetu.

Vitabuni jibu ni jepesi: sheria ya kimataifa hutoka kwenye mikataba, kwenye desturi ambazo nchi huzifuata zikiamini zinazibana, na kwenye kanuni za jumla za haki. Kila nchi ni sawa na nyingine. Bahari ina hadithi tofauti. Kwa miaka mingi mataifa makubwa ya baharini yalishikilia kwamba maji ya nchi yanaishia maili 3, umbali unaohusishwa na masafa ya risasi ya mzinga wa zamani. Kupita hapo, mali ilikuwa ya mwenye meli. Mwaka 1945 Rais Truman akatangaza kwamba utajiri wa sakafu ya bahari inayopakana na Marekani ni wa Marekani. Hapakuwa na kura wala mkataba. Chile na Peru zilipodai maili 200 mwaka 1947, wakubwa walikataa.

Januari 1972, kwenye kikao cha wanasheria wa Asia na Afrika mjini Lagos, Mkenya Frank Njenga alileta pendekezo ambalo mpaka leo nalistaajabia. Nchi ya pwani imiliki samaki na madini hadi maili 200, ndio ukanda wa kiuchumi, lakini meli za wengine zipite kwa uhuru. Angedai maji yote yawe ya nchi ya pwani, wenye manowari wangemkatalia hapo hapo. Aliwaachia njia, akabaki na samaki. Agosti mwaka huohuo Kenya ikapeleka Geneva rasimu ya vifungu, na majadiliano makubwa ya Umoja wa Mataifa yakaanza mwaka uliofuata.

Hata kabla hayajaisha, Marekani ilikwisha kujiwekea ukanda wake wa uvuvi wa maili 200, mwaka 1977. Mkataba wa sheria ya bahari uliotokana na majadiliano hayo ulipotiwa saini Montego Bay, Jamaica, Desemba 1982, Marekani ilikataa kusaini kwa sababu ya sehemu inayohusu uchimbaji wa madini ya bahari kuu. Miezi mitatu baadaye Rais Reagan wa Marekani akatangaza ukanda wa kiuchumi kwa ajili ya nchi yake. Mwaka 1985 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikasema ukanda huo umeshakuwa desturi. Mkataba wenyewe ulianza kutumika mwaka 1994!

Kwa hiyo siwezi kukubaliana na wanaosema sheria hizi ni za wazungu tu. Hii ilianzia kwetu. Lakini pia siwezi kuwaficha kilichofuata: meli ya doria iliyoikamata Tawariq 1 ilikuwa ya Afrika Kusini. Haki ya maili 200 tulikuwa nayo, chombo cha kuilinda tuliazima.

Ninachokiogopa zaidi ni kimya. Katika sheria hii, nchi isiyopinga inaweza kuhesabiwa kuwa imekubali. Aprili 2025 Rais Trump alitoa amri ya kuharakisha vibali vya kuchimba madini ya kina kirefu cha bahari, hata nje ya mipaka ya nchi yoyote, eneo ambalo mkataba unaliita urithi wa binadamu wote. Wakati huohuo kanuni za uchimbaji huo zinajadiliwa Kingston, Jamaica, kwenye mamlaka ya kimataifa ya sakafu ya bahari, ambayo Tanzania na Kenya ni wanachama wake. Natamani kusikia wanasheria wetu wameingia ukumbini na rasimu yao mkononi, kama Njenga. Na wizara zetu za mambo ya nje ziandike pingamizi kwa jina la nchi, liwekwe kwenye kumbukumbu, sasa, kabla meli ya kwanza haijashusha mitambo.